Dosie ya kuomba staji ya sheria: namna ya kuipanga ili isomwe

Wenzangu, kila mwaka wakati wa kutafuta staji magrupu yetu ya WhatsApp yanajaa na ulizo moja: «Nani iko na modeli ya barua ya kuomba staji kwa avoka?» Mtu mmoja anatuma fishie ya Word yenye ilishapita kwa watu makumi, kila mmoja anabadilisha jina, anachapisha, anapeleka. Kiisha tunashangaa juu ya nini hakuna jibu.

Mimi niko mtu wa agronomi, si wa sheria. Lakini nilitumika miezi kadhaa hapa Lubumbashi mu ofisi ndogo ya ba-avoka wenye wanafuatilia mambo ya wakulima wenye mashamba yao yanaingia mu eneo ya migodi. Kazi yangu ilikuwa kupima hekta, kuhesabu miti ya maembe na ya avoka (avoka ya kula, si ile yenye kuvaa toga), na kuandika thamani ya mavuno ili bajuristi wajue wadai nini. Na kwa sababu nilikuwa wa kwanza kufika asubuhi, njo mimi walinipa kazi ya kupokea dosie za wenye kuomba staji, kuzipanga, na kuzipeleka kwa Maître. Nilizisoma nyingi. Nilimuona pia yeye akizisoma, na njo hapo nilielewa kitu: mtu wa sheria hasomi dosie sawa vile siye wengine tunasoma. Kazi yake ya kila siku ni kutafuta kasoro mu karatasi ya mwingine. Tarehe yenye haipo, jina lenye halifanane, sahihi yenye inakosekana: kwake hizo si vitu vidogo. Kesi inaweza kuanguka juu ya hizo. Sasa weye unamuletea karatasi mbili ukiomba akufundishe kazi hiyo hiyo.

Kabla ya kuongea marge na herufi, tujue kwanza unagonga mlango gani, maana karatasi inabadilika kufuatana na mlango. Kuna staji akademiki, ile yenye fakulte inakutuma ungali mwanafunzi. Hapo barua yako inatembea pamoja na barua ya fakulte yenye kukupendekeza, na ukikosa hiyo ya fakulte, ile yako peke yake haina miguu. Kuna staji profesioneli, kiisha masomo, yenye weye mwenyewe unaomba mu kabine, mu shirika ao mu serivisi ya sheria ya kampuni. Na kuna kitu cha tatu chenye watu wanachanganya na hizo mbili: kuingia ku baro kama avoka mwanastaji. Hiyo si «kuomba staji» tu. Inaongozwa na Ordonnance-loi n° 79-028 ya tarehe 28 septemba 1979, na ombi linaenda ku Baraza ya Baro yenye iko karibu ya Cour d'appel ya kwenu. Kila Cour d'appel iko na baro yake. Dosie ya baro ina liste yake ya karatasi, na liste hiyo inaulizwa ku sekretaria ya baro yenyewe, si ku WhatsApp. Mu maandiko haya ninaongea zaidi juu ya zile mbili za kwanza.

Tuanze na mwenye unamuandikia, maana hapo njo barua nyingi zinakufa. Tribinali na parke si nyumba moja, hata kama mara nyingi ziko mu upango mmoja. Ku tribinali kuna waamuzi, na mkubwa wa tribinali ya amani ao ya grande instance anaitwa «Monsieur le Président» ao «Madame la Présidente». Ku parke kuna wenye kushtaki. Parke ya karibu ya tribinali ya grande instance inaongozwa na «Procureur de la République», na ile ya karibu ya Cour d'appel inaongozwa na «Procureur Général». Mkubwa wa Cour d'appel yenyewe ni «Premier Président». Niliona kwa macho yangu barua yenye ilianza «Monsieur le Procureur du Tribunal de Paix». Mtu mwenye aliiandika alikuwa mu mwaka wa mwisho wa droit. Mimi mtu wa mihogo niliona kasoro, sembuse wao.

Kwa avoka, neno ni «Maître», na ukifupisha ni «Me», si «Mtre», si «Mr». Na ukitaka kufupisha «Monsieur» mu Kifaransa ni «M.» na nukta, «Mr» ni ya Waingereza. Mwenye alikuwa Bâtonnier, hata akimaliza muda wake, wenzake wanaendelea kumuita Bâtonnier kwa heshima, kwa hiyo uliza kabla ya kuandika. Cheo chenye uliandika mwanzo wa barua njo hicho hicho kinarudi mu maneno ya kuagana. Ukianza na «Maître» na kumaliza na «Veuillez agréer, Monsieur le Directeur», msomaji anajua mara moja kama barua ilitoka kwa mtu mwingine na kupita kwa kampuni fulani.

Sasa sura ya barua. Karatasi ni A4, milimita 210 kwa 297, ukurasa mmoja tu. Juu ku mkono wa kushoto unaweka majina yako, adresi, namba ya simu na imeli. Ku mkono wa kuume, pahali na tarehe: «Lubumbashi, le 3 mars 2025», mwezi na herufi ndogo, na siku ya kwanza inaandikwa «1er». Chini yake, kungali kuume, mwenye unamuandikia, cheo chake na muji wake. Ukishuka, ku kushoto, «Objet». Kiisha mwito, mwili wa barua, maagano, sahihi kwa mkono, majina chini ya sahihi.

Kati ya tarehe na mwenye kuandikiwa, siye Wakongomani tuko na desturi ya «Transmis copie pour information à». Ni desturi ya kazi za serikali na ina maana yake: wakubwa wenye mambo inawahusu wajue. Ukiomba staji akademiki ku tribinali, kutumia Doyen wa fakulte kopi kuna maana. Lakini kutumia Gavana kopi ya barua yenye kuomba mwezi mmoja wa kukaa mu kabine ya avoka ni kuogofya mtu mwenye hata haujamusalimia. Kwa kabine ya mtu binafsi, acha hiyo sehemu wazi.

«Objet» njo mstari wa faida zaidi mu ukurasa muzima, na njo wenye watu wanaandika haraka zaidi. «Demande de stage» peke yake haisaidii mtu. Maître ako na barua za kila namna mbele yake. Mupe ya kutosha ili ajue bila kusoma zaidi: «Objet : Demande de stage académique, L2 Droit privé et judiciaire, du 3 mars au 30 avril 2025». Mu mstari mmoja anajua ni staji gani, mwanafunzi gani, wakati gani. Anaweza kukubali ao kukataa ungali haujamaliza kumuomba.

Na hapa niseme jambo lenye lingali linaniumiza. Siku moja dosie ya kijana mmoja ilifika ikiwa na «Objet : Demande d'emploi». Ofisi haikuwa na kazi ya kutoa, kwa hiyo dosie ikaenda mu farde ya maombi ya kazi, yenye hakuna mtu alikuwa akifungua. Wiki kadhaa kiisha, nikitafuta karatasi ingine, niliisoma ndani. Barua yenyewe ilikuwa ya kuomba staji. Alikuwa amekopi modeli ya mwingine na kusahau kubadilisha mstari ule. Na mu CV, chini kabisa, mstari wa mwisho wa ukurasa wa pili: memuari yake ilikuwa juu ya malipo ya wakulima wenye wanapoteza mashamba mu eneo za migodi. Kitu kile kile chenye tulikuwa tunakosa mtu wa kukiandika! Nilimupelekea Maître dosie. Akaisoma yote, akanyamaza kidogo, akasema nafasi ilishachukuliwa. Wakati ule tulikuwa na wakulima wenye kungojea dosie zao zimalizike, mimi nilikuwa na hesabu ya miti yao mu kompyuta, na hakukuwa mikono ya kutosha ya kuandika. Mutu anaweza kusema ni juu ya neno moja tu. Ndiyo, neno moja, lakini lilikuwa pahali penye neno linaamua farde gani karatasi itaingia.

Mwili wa barua ni mafungu matatu mafupi, siyo zaidi. La kwanza: weye ni nani na unaomba nini. La pili: kwa nini kwao, si kwa jirani. La tatu: ulicho nacho chenye kitawafaa, na tarehe zenye uko huru. Fungu la pili njo gumu, na njo lenye modeli ya WhatsApp haiwezi kukuandikia. Uliza kabine ile inafanya nini: kesi za kazi, za ardhi, za migodi, za jamaa na urisi? Sema jambo moja la kweli. Kama memuari yako, ao travail de fin de cycle, inagusa kazi yao, iweke hapo, mu barua, usiingojeshe mpaka chini ya CV sawa vile yule kijana.

Kuna maneno yenye tunayapenda sana: «J'ai l'honneur de venir auprès de votre haute personnalité solliciter de votre haute bienveillance...» Haya si makosa ya lugha, na sitacheka wazee wetu wenye walitufundisha kuandika hivyo. Lakini mstari mbili za «haute» zinakula nafasi ya mambo yako. «J'ai l'honneur de solliciter un stage de deux mois au sein de votre cabinet» iko na heshima yote yenye inahitajika. Maagano pia yawe moja tu: «Veuillez agréer, Maître, l'expression de ma considération distinguée.» Basi.

Kuandika kwa mkono ao kwa mashini? Ofisi zingine zingali zinaomba barua ya mkono. Kama waliomba, andika kwa mkono, na biki ya rangi ya bleu ao nyeusi, ku karatasi bila mistari; weka karatasi ingine yenye mistari minene chini yake na maandiko yako hayatapanda mlima. Kama hawakusema kitu, chapisha, lakini sahihi iwe ya mkono.

Tuje sasa ku majina. Hapa ninaomba musome polepole. Siye tuko na jina, postnom na prenom, na kila karatasi inazipanga kwa namna yake. Diploma ya Serikali inaweza kuwa na tatu zote. Karte ya mchaguzi imeandika postnom na herufi moja tofauti. Atestasyo ya univerisite imeruka prenom. Imeli inasema jina la michezo lenye marafiki walikupa. Kwa mtu wa sheria, «w» mu karatasi moja na «u» mu ingine ni watu wawili mpaka mutu aonyeshe kama ni mmoja. Kwa hiyo chagua karatasi yenye nguvu zaidi, kwa wengi ni diploma, na uandike majina yako sawa vile, kwa mpango ule ule, mu barua, mu CV, mu jina la fishie, ku bahasha: JINA na POSTNOM kwa herufi kubwa, Prenom na herufi ndogo. Kama karatasi moja ina kosa la kweli, usisahihishe na biki, hata kidogo! Kosa la diploma linasahihishwa na wenye waliitoa, na kosa mu karatasi ya kuzaliwa linapitia tribinali. Inaomba wakati. Anza kabla ya kutafuta staji, si siku ya kupeleka dosie.

CV nayo iko na mtego mupya wenye wazee wetu hawakuujua. Mpango wa zamani ulikuwa miaka mitatu ya gradua na miaka mbili ya lisansi. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mpango wa LMD uliingia mu univerisite zetu zote, na mu LMD lisansi ni miaka mitatu. Sasa watu wawili wanaandika «Licencié en droit», mmoja ana miaka mitano ya masomo, mwingine mitatu, na neno ni lile lile. Mwenye kusoma dosie hawezi kubahatisha. Andika wazi: «Licence en droit (ancien système, bac+5)» ao «Licence LMD en droit (bac+3)». Mimi mwenyewe niko na lisansi ya agronomi ya mpango wa zamani, na mu CV yangu ninaiandika hivyo hivyo. Haipunguze kitu kwa mtu wa LMD, na inamulinda na maulizo yenye hayana utamu mbele ya meza ya mtu.

Masomo yanaanza na ya mwisho na kurudi nyuma. Shule ya msingi inaweza kukaa nyumbani. Asilimia ya diploma ya Serikali iandike kama iko nzuri ao kama waliomba. Kichwa cha memuari kiandikwe chote, kati ya alama za « », na kama kinataja sheria, itaje sawa vile inavyoitwa. Watu wanaandika «Code minier de 2018». Kodi ya migodi ni Loi n° 007/2002 ya tarehe 11 julai 2002. Ile ya 2018, Loi n° 18/001 ya tarehe 9 machi, iliibadilisha na kuiongezea tu. Vivyo hivyo sheria ya ardhi yenye ningali ninatumia mu kazi yangu ni Loi n° 73-021 ya tarehe 20 julai 1973, na ilibadilishwa na ile ya 18 julai 1980. Kodi ya jamaa ni Loi n° 87-010 ya tarehe 1 agosti 1987, na ilibadilishwa mu 2016. Mwenye kuomba staji ya sheria na kukosea namba ya sheria mu CV yake ni kama agronome mwenye kusema mahindi inaota chini ya udongo sawa karanga.

Ku sehemu ya lugha watu wanajiibia. Wanaweka Kifaransa, Kingereza «notions», na wanaishia pale. Katiba yetu ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha ine za taifa, na mu kazi ya kabine huku kwetu njo lugha yenye mteja anaeleza shida yake. Mu ofisi yetu, mwanastaji mwenye alikuwa anasikia Kiswahili, Kibemba na Kisanga alikuwa na thamani kuliko mwenye Kingereza ya «notions», maana mama mwenye shamba hakuwa anaeleza mipaka yake kwa Kingereza. Andika lugha zako zote, na kiwango cha kweli.

Mwisho wa CV ya Kongo kuna ule mstari: «Je jure sur mon honneur que les renseignements ci-dessus sont sincères et exacts», kiisha «Fait à», tarehe na sahihi. Wengine wanautia bila kusoma. Kwa avoka, kuapa ni kuapa. Ukiweka mstari huo chini ya «parfaite maîtrise de l'outil informatique» na siku ya kwanza haujui kuongeza namba ya ukurasa, basi uliapa. Afadhali uandike «Word, Excel: kazi ya kawaida» kwa Kifaransa yako, na uape kwa moyo mwepesi.

Kazi ya mashini nitaipita haraka, lakini kuna mambo yenye yanarudi kila mara. Herufi ya kawaida, Times New Roman ao Garamond, ukubwa wa 12, marge ya santimeta 2,5 kila upande, nafasi ya mistari ya 1,15. Weka lugha ya Word mu Kifaransa, maana mashini nyingi za masekretaria zinakaa mu Kingereza na zinaweka mistari myekundu chini ya kila neno lenye liko sawa. Kifaransa kinaomba nafasi mbele ya alama : ; ! na ?, na nafasi hiyo isikatike. Ukifinya Ctrl, Shift na nafasi pamoja, ile alama haitakimbilia mstari wa chini peke yake. Herufi kubwa nazo zinavaa aksa: «École», «État», «À». Namba ya sheria ni «n°», si «No» wala «Nr». Usipange CV kwa kufinya nafasi mara makumi mbili. Tumia tabilo yenye mistari imefichwa, kila kitu kitakaa pahali pake.

Na njo hapo tunafika ku sekretaria, kwa wale wenye kuchapisha karatasi pembeni ya univerisite. Ulitengeneza barua yako vizuri mu simu ao mu mashini ya kaka, unafika na fishie ya Word ku kle USB, mashini ya pale iko na Word ya zamani, haina herufi yako, na barua ya ukurasa mmoja inakuwa kurasa mbili, sahihi yako peke yake ku ukurasa wa pili. Kijana wa sekretaria anafinya «imprimer», unalipa. Unarudia, unalipa tena. Beba PDF. Word ibebe pia kama utasahihisha kitu, lakini yenye inachapishwa ni PDF. Kiisha soma karatasi moja kwa macho kabla ya kuchapisha zingine, maana wino ikikaribia kuisha, mistari ya chini inakuwa ya kijivu na muhuri ku fotokopi ya diploma hauonekane.

Ukituma kwa imeli, unganisha karatasi zote mu PDF moja, kwa mpango huu: barua, CV, barua ya fakulte, diploma ao atestasyo, releve ya pointi, karte. Fishie ibebe jina lako: «Demande_stage_JINA_Prenom.pdf», si «IMG_20250301» wala «barua ya kweli final 3». Kuskani na simu inawezekana kabisa: karatasi karibu na dirisha asubuhi, bila taa ya simu, bila kivuli cha kichwa chako, kona zote ine zionekane, na usiache vidole mu picha. Punguza uzito wa fishie, maana mwenye kupokea anaifungua na megabaiti zake mwenyewe. Mu mwili wa imeli weka mistari mitatu na mwito wa heshima. Imeli tupu yenye fishie tu ni kama mtu mwenye kuingia nyumbani kwa watu bila hodi.

Kwa karatasi ya mkononi, farde moja ya rangi ya kawaida, majina yako juu. Chini ya barua, mu «Annexes», andika liste ya zenye uliweka, na zihesabu mbele ya mwenye kupokea. Usitoe diploma ya kweli hata siku moja, hata mtu akikuambia ataangalia tu na kukurudishia kesho. Fotokopi, na yenye muhuri wa kushuhudia kama waliomba hivyo. Ya kweli ukae nayo mkononi ukiionyesha.

Peleka barua mara mbili, kopi mbili zenye sahihi. Moja inabaki kwao. Ya pili inatiwa tarehe, sahihi na muhuri wa mwenye alipokea, unarudi nayo. Hiyo njo «accusé de réception», na watu wengi wanaona haya kuiomba, sawa vile wanamushitaki karani. Hakuna haya. Ku ofisi yetu wenye walikuwa wanaiomba njo walikuwa wanarudi kuuliza kwa nguvu: «Nilipeleka tarehe 10, iko hapa», na mimi nilikuwa ninalazimika kutafuta. Mwenye hakuwa nayo alikuwa anaambiwa apeleke tena.

Ngoja wiki mbili ao tatu. Kiisha pita mwenyewe asubuhi, na kopi yako, uongee na sekretere kabla ya Maître, maana ni yeye mwenye kujua dosie iko ku meza gani. Kama uko na namba ya WhatsApp ya Maître, ujumbe mmoja wa maandishi, mchana, wenye majina yako kamili, tarehe ya kupeleka na «Objet» yako ile ile. Si sauti ya dakika ine, na si saa tatu za usiku. Na kama mlango ule haujibu, badilisha tarehe, mwito, fungu la pili na Objet, na usome karatasi yote tangu juu mpaka chini kabla ya kuipeleka ku mlango wa pembeni.